Sanduku la Kwenda na Kurudi

Siku mliyoniaga, baada ya hotuba na keki, Zakia wa chumba cha ramani alinishika mkono akaniambia, "Bi Asya, usituache hivi hivi. Ile habari ya sanduku tuandikie." Nikaitikia kwa kichwa, maana nilikuwa na keki mdomoni na sikuweza kubishana. Sasa nimekaa nyumbani, mama yangu ameshanichoka kwa kumzungukazunguka jikoni, basi naandika.

Vyeo na mishahara sina haja ya kuvitaja. Cheo cha mwisho kilinipa kiti cha ofisini chenye magurudumu kilichokuwa kikinikimbia kila nikitaka kukaa, na hayo ndiyo niliyonayo ya kusema juu ya vyeo. Masanduku ya upande wa Ibra na yale ya milima ya Sur pia nayaacha, kwa sababu mmeyafunga kwa mikono yenu na mnayajua vizuri kuliko mie. Nitakwambieni lile moja tu, lililoyazaa hayo mengine.

Nyinyi mmekua mkitazama kwenye televisheni chombo cha anga kinachopanda na mizigo, kinashuka ardhini mfano wa ndege, halafu kinapanda tena kile kile, na wanasema siku moja kitapeleka chakula kwa watu wanaokaa huko juu. Mnapiga makofi. Mie nilipokiona mara ya kwanza nilimwambia mama, "Sisi hicho tulishakitengeneza Nizwa." Mama akasema, "Mwongo mkubwa we." Lakini shida zao nilizifahamu zote. Kupandisha mzigo si kazi sana. Kazi ni kukirudisha chombo salama na kukipandisha tena.

Nilifika Nizwa, huku Oman, katikati ya miaka ya sabini, mimi na mama, tukitokea Unguja kwa kupitia Dar es Salaam. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Kurani naisoma bila kusita, lakini sokoni vitunguu nilikuwa nanunua kwa kunyoosha kidole. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mshoni wa maturubali mjini Unguja: maturubali ya malori, mapazia ya mbele ya maduka, viti vya magari. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mie. Kwa hiyo niliposikia kwamba karakana ya idara ya simu, ile iliyo jirani na kiwanja cha ndege cha changarawe, inatafuta mtu wa kushona turubali zito, nilichukua shazia zangu, zile sindano ndefu za baba, nikafunga ushungi wangu vizuri nikaenda.

Mlangoni nilimkuta mzee amevaa kanzu iliyotobolewatobolewa na cheche za moto. Huyo ndiye Ami Nasor, fundi wa chuma, mzaliwa wa Tabora, ambaye kila neno la kazi alilisema kwa Kiingereza cha kule kwao: testi, lodi, balansi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Nimekuja kushona."

"Hapa hatushoni nguo za harusi."

"Na mie sikuja kuolewa. Turubali liko wapi?"

Alinipa kipande, akaniambia nishone mfuko. Nilipomaliza aliujaza mchanga, akautundika kwenye winchi, kisha akatoa kisu akakata uzi mmoja katikati ya mshono. Mchanga haukutoka. Kwa desturi ya baba, kila baada ya mishono michache nilikuwa nimepiga fundo la kujifunga, hata uzi ukikatwa hapa, pale pengine panashika. Ami Nasor akaguna. Guno hilo ndilo lililoniajiri, karatasi zilikuja baadaye.

Nilijifunza kwake mambo mengi, na nusu yake aliniambia akiwa amekasirika. Uzi usioutia nta ya nyuki utaoza kwa jua la Oman kabla hujasahau siku uliyoushona. Subana ya ngozi ivaliwe hata kama mkono unatoka jasho, kwa sababu shazia haijui turubali na kidole. Na kabla ya kuruhusu mzigo wowote uondoke, alikuwa anasimama chini yake huku winchi imeuinua. Yeye mwenyewe, kichwa chake chini ya lodi. "Kama mimi naogopa kusimama hapa," anasema, "nani nimpelekee?" Baada ya muda nikawa nasimama naye. Mama sikumwambia.

Mizigo yetu ilikuwa inakwenda kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa juu ya kilele, nyuma ya kijiji cha Birkat al Mauz: mlingoti wa simu, nyumba ya mawe ya vyumba viwili, jenereta na wanaume watatu. Simu ya Nizwa ikitaka kwenda Ibra au Sur ilipanda kwanza kwa wale watu watatu, ndipo ikateremka upande wa pili. Jenereta likizima, mtu wa Sur mwenye mgonjwa wake hospitali ya Nizwa hana njia ya kujua kaamkaje.

Mkuu wa kituo alikuwa Khalfan, Mpemba, mtu wa adabu zilizopita kiasi. Ukimwita redioni kumwuliza kama dizeli imekwisha, atakuuliza kwanza wewe hujambo, mama hajambo, miguu ya mama inaendeleaje, na ile mbilimbi mliyoipanda imeshika? Betri ya redio ilikuwa inakwisha kwa salamu. Ami Nasor alikuwa anasema mtu huyo apelekewe betri mbili, moja ya kazi na moja ya kuulizia hali.

Zamani walipelekewa vitu kwa punda. Punda wa Birkat al Mauz ni hodari, lakini jenereta huwezi kulikata vipande ukawagawia. Ikaletwa helikopta, na rubani wake Kapteni Idris, Msudani mrefu asiyecheka ovyo. Helikopta haikuwa na mahali pa kutua pale kileleni, basi mzigo ulining'inizwa chini yake kwa kamba, ukateremshwa mpaka chini, Khalfan na wenzake wakaufungua. Tulianza na neti. Neti inabana kila kitu pamoja, na wiki moja dizeli ilivuja juu ya mikate. Khalfan alishukuru sana, akasema mikate ni mizuri ila wanaogopa kuwasha sigara baada ya kula.

Tukahamia kwenye makasha ya mbao. Yale yalifika vizuri sana, mikate mizima, mayai mazima. Ikawa kila wiki Ami Nasor anagonga misumari, kila wiki kasha jipya, na hakuna hata moja linalorudi. Nikaita redioni.

"Khalfan, makasha yetu yako wapi?"

"Makasha gani, Bi Asya?"

"Ya mbao. Ya wiki hii, ya wiki iliyopita, na ya kabla yake."

Akasema kwa upole, "Kwani mlikuwa mnayataka?"

Walikuwa wanayachoma. Juu kule baridi inaingia mpaka kwenye meno, mti hakuna, na sisi tunawaletea mbao kavu zilizochongwa vizuri. Wanasema vyombo vya mizigo vya Warusi huungua angani vikishamaliza kazi. Vyetu viliungua chini ya birika la chai.

Mudir, yaani mkuu wetu, Bwana Hilal, mhandisi kijana wa Sur aliyesomea ng'ambo, alituita ofisini. Hakugomba, hakuwa mtu wa kugomba. Alisema, "Nataka sanduku moja. Liende, lirudi, liende tena. Basi." Ami Nasor alitoka pale anatabasamu kama bwana harusi. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vya watu wengine, hiki kilikuwa cha kwanza kisichokuwepo popote.

Sanduku la kwanza alilifanya la chuma. Lilikuwa zuri, lina milango na makomeo. Kapteni Idris aliliinua tupu, akalizungusha juu ya kiwanja, akalishusha, akashuka na yeye. "Ya Nasor," akasema, "na mzigo nitautia wapi? Mie nimeshajaa."

La pili lilikuwa la mabomba ya alumini, sakafu ya mbao nyembamba, na kuta za turubali, kazi yangu. Lilipanda vizuri kabisa. Nilikuwa nimesimama kiwanjani, shingo imeniuma kwa kutazama juu, najisikia mkubwa. Lakini sanduku lenye mzigo lina utulivu wake, na likishakuwa tupu upepo unalifanya unavyotaka. Wakati wa kurudi lilianza kuzunguka. Likazunguka mpaka kamba ikajisokota, halafu likawa linapepea na kupanda kuelekea mkia wa helikopta. Kapteni alibonyeza kitufe, kulabu ikafunguka, sanduku likaanguka wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Tulikwenda na gari kulitafuta, tukalikuta limekuwa bapa. Ami Nasor akalipindua kwa mguu, akachungulia. "Mshono haukufumuka hata mmoja," akasema. "Hongera." Sikumsemesha mpaka tulipofika Nizwa.

La tatu tulilitia juu pete inayozunguka, ili sanduku likizunguka kamba isijisokote. Kamba haikujisokota, kweli. Sanduku lenyewe ndilo lililozidi wazimu. Mara hii lilianguka pembezoni mwa mashamba ya migomba ya Birkat al Mauz, hatua chache kutoka kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya kijiji. Alhamdulillah hapakuwa na mtu. Mwenye shamba alikuja ofisini na mkungu wa ndizi uliopondeka, akauweka juu ya meza ya mudir, akatoa salamu, akaondoka. Mie ningependa atutukane.

Kapteni Idris alikuja jioni ile ile. "Mbele ya falaji ile wanawake wanafua," akatwambia. "Ningeweza kuua mtu. Sikilizeni. Nitabeba moja tena. Likinichezea, nalitupa kwenye jabali tupu, na sibebi tena sanduku wala neti wala gunia kwa kituo kile. Nina watoto."

Hakuna aliyemlaumu. Mudir alituambia mambo kama yalivyo. Kapteni akikataa, kituo kitafungwa, watu watateremshwa, na simu ya Ibra na Sur itangoja barabara ya kupanda kileleni, ambayo haikuwapo hata kwenye ramani. Sehemu ya kushona nayo itafungwa. Mie nitapelekwa hospitali kukunja pindo za mashuka, na Ami Nasor atapelekwa ghalani kukaa na makopo ya rangi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama sitaki chakula. Nilikuwa na uchungu, naandika wazi. Kushona mashuka si aibu, watu wanalalia mashuka. Lakini mie nilikuwa nimeshaonja kushona kitu kinachoruka.

Wazo la mkia lilikuwa la mudir, nisimdhulumu. Viwanja vya ndege vina ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Akasema, ule mfuko hauzunguki hovyo, sikuzote unajua pa kuelekea; tukiufunga nyuma ya sanduku, si utalishika? Akauchora ubaoni, tukaunda sanduku la nne. Ami Nasor akatengeneza duara la waya wa kuuweka mdomo wazi. Mie nikashona mfuko wenyewe, mpana mbele, mwembamba nyuma, wazi pande zote mbili. Ulikuwa ni suruali ya mguu mmoja ya mtu mnene sana.

Mkia wa kwanza uliraruka. Wa pili ulivuta upande kwa sababu mikanda iliyoufunga haikuwa sawa, mmoja ulizidi upana wa kucha tu. Ndiyo maana nikawasumbueni miaka yote hii kuhusu urefu wa mikanda, na ndiyo maana mlininunia. Tuliujaribu kwa lori bovu la karakana. Ami Nasor alichomea nguzo kubwa juu ya lori, mkono wake umetokeza nyuma, tukatundika sanduku, tukashika njia ya Fanja na Samail. Mie nimekaa juu na matofali ya kuongeza na kupunguza uzito, ushungi nimeufunga kwa kamba kidevuni. Watoto wanakimbia nyuma. Samail mwanamume mmoja mbele ya duka la kahawa akapiga kelele, "Mnavua nini?"

"Papa!" Ami Nasor akamjibu, wala hakupunguza mwendo.

Kwa mwendo wa lori lile sanduku tupu lilikaa kimya, mkia umenyooka nyuma. Tulikwenda na kurudi mpaka dereva akachoka. Hapo ndipo nilipoanza kuamini.

Nikampa Khalfan maagizo mwenyewe. "Likifika, pakueni, halafu lirudi tupu. Tupu kabisa. Hata jani msitie."

"Tupu," akasema. "Nimefahamu, Bi Asya. Na miguu ya mama?"

Sasa mnajua desturi yetu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli hulirudishi hivi hivi. Utatia chochote ulichonacho, tende, chumvi, ndimu mbili za uani. Bibi yangu alikuwa akikosa kabisa anatia sukari kijiko kimoja, kuliko jirani apokee bakuli linalia. Hakuna mtu anayefundishwa jambo hili, tunazaliwa nalo. Na mie, binti wa mji, nilimwambia Mpemba arudishe chombo kitupu nikadhani amenisikia.

Siku ya jaribio upepo ulikuwa haujaamka. Tulipakia unga, mchele, betri, na mafuta ya nywele ya mmoja wa vijana wa Khalfan aliyekuwa anakaribia kuoa. Vizito chini katikati, vyepesi juu, dizeli mbali na mikate. Ami Nasor alisimama chini yake, nami pembeni yake. Kapteni akaliinua, likapanda, likafika. Khalfan akasema limepokelewa, wanapakua. Kisha akasema limeondoka. Mudir alikuwa ameshika tama mlangoni mwa kibanda cha redio. Tulikuwa na redio mbili, moja ya kituo, moja ya helikopta, na katika ile ya helikopta tukasikia sauti ya Kapteni.

"Nasor. Sanduku lako limelala upande."

Ami Nasor akachukua kipaza sauti. "Linazunguka?"

"Halizunguki, mkia umelishika. Lakini linatikisika. Linatulia, halafu linatikisika tena. Wallahi kuna kitu ndani kinatembea."

Tukatazamana. Nikaruka kwenye redio ya kituo.

"Khalfan! Mmetia nini ndani ya sanduku?"

"Bi Asya, hujambo? Umeamkaje?"

"Khalfan, nijibu!"

"Hatukutia kitu. Mbuzi tu."

Mudir alikaa chini pale pale kizingitini.

"Nilikwambia lirudi tupu!"

"Bi Asya, mnatuletea unga, mnatuletea mchele, mpaka mafuta ya nywele. Leo tukurudishieni chombo kitupu? Sisi watoto wa nani? Na tulikusikiliza, mzigo hatukutia. Mbuzi si mzigo, ana miguu yake."

"Mmemfunga?"

"Shingo. Miguu tulimwonea huruma."

Kapteni alikuwa anasikika vizuri sasa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Limeanza kupepea. Nipo juu ya jabali, hapa hakuna mtu. Nasor, nisamehe, nalitupa."

Nilimtazama Ami Nasor. Mzee yule aliyekuwa akisimama chini ya mizigo bila kupepesa macho, midomo ilikuwa imemkauka. Kazi yake yote ilikuwa inaning'inia kwenye kidole cha mtu mwingine. Kapteni alikuwa amezoea kuruka haraka, na sisi tulijaribu lile sanduku kwa mwendo wa lori, basi. Nikapiga kelele, "Mwambie apunguze! Aende mwendo wa lori!"

Ami Nasor akasema, "Ya Kapteni, usibonyeze. Punguza. Nenda mwendo wa lori."

"Lori gani?"

"Letu! Lile bovu!"

Hatukusikia jibu, ila mngurumo wa injini ndani ya redio. Mie nikawa nasoma kila dua ninayoijua, na moja ya kusafiri nikairudia kwa kuwa sikuwa na uhakika kama mbuzi anahesabiwa. Kisha Kapteni akasema, taratibu, neno baada ya neno, "Limetulia. Mkia umenyooka." Na baada ya muda, "Nadhani amelala chini."

Walipotokea juu ya mitende tulikuwa sote tumetoka nje. Helikopta ilikuja polepole, mpaka waliokuwa barabarani walisimama wakidhani imeharibika. Chini yake sanduku letu, limelala upande kidogo, na mkia wangu umejaa upepo nyuma yake. Kichwa cha mbuzi kilikuwa kimetoka kwenye upenyo wa turubali, anatazama mji wa Nizwa. Lilishuka, likagusa changarawe, likasimama.

Kapteni Idris alizima injini, akaja, akalizunguka sanduku mara mbili. Akauvuta mkanda mmoja wa mkia, akauvuta mwingine. Akamtazama mbuzi.

"Mizigo yangu yote hulala," akasema. "Huu wa leo ulikuwa unatembea. Mhandisi gani angethubutu kunifanyia jaribio la namna hii?" Halafu akacheka, yule mtu asiyecheka, akacheka mpaka akashika ubavu wa sanduku. "Ikiwa mkia huu umemshika mbuzi, utashika chochote."

Ami Nasor hakucheka. Alikuwa amempa kisogo, anajifuta uso kwa kofia yake. Kwa wale watakaouliza, mbuzi tulimla Ijumaa, na alikuwa mtamu.

Watu walianza kupeana mikono, chai ikaitishwa. Mudir akainua mkono. "Bado," akasema. "Limekwenda na limerudi. Halijakwenda tena."

Alikuwa na haki. Sanduku lililorudi mara moja ni bahati. Kapteni akatazama mitende, majani yalikuwa bado hayajatikisika. "Mafuta ninayo," akasema. "Lipakieni sasa hivi." Tukapakia mbio mbio betri zilizobaki, magunia mawili na pipa la mafuta ya taa. Vijana wa kufunga kulabu wakakimbilia mahali pao, kwa sababu kufunga kulabu chini ya helikopta inayoelea ilikuwa kazi ya wanaume. Kapteni alikuwa hajawahi kuniruhusu kusogea pale, akihofia ushungi wangu. Siku hiyo, mguu mmoja tayari ndani ya helikopta, alinionyesha kidole.

"Wewe. Funga wewe."

Nikaufunga ushungi kwa kamba, nikaenda. Upepo wa mapanga ulikuwa unanisukuma magoti, mchanga machoni, na tumbo la helikopta liko juu ya kichwa changu. Nikainua pete, nikaitia kwenye kulabu, nikavuta mara mbili alivyonifundisha Ami Nasor, nikatoka nimeinama. Sanduku likapanda. Nikakimbia kibandani nikangoja. Redio ilikohoa, na mara ile Khalfan hakuuliza miguu ya mama.

"Bi Asya, limefika sanduku jingine. Mlitengeneza mawili?"

"Hapana."

"Basi hili ni lipi?"

"Fungua, tazama sakafuni."

Nikasikia anatoka nje, kisha mikanda ya turubali inafunguliwa. Nikasikia nyayo zinarudi. Kisha Khalfan akasema, "Lo! Bi Asya, hamkufagia!"

"Ndilo lile lile, Khalfan."

"Lile lile?"

"Lile lile."

Akaacha redio wazi, nikamsikia anakimbia nje, anawaita wenzake kwa sauti ambayo nadhani ilifika Birkat al Mauz bila mlingoti: "Jamani, njooni! Limerudi! Lile lile!" Na wale wawili nao wakapiga kelele, watu watatu juu ya jabali wanashangilia vinyesi vya mbuzi. Mie nikakaa juu ya gunia la mchele, kipaza sauti mkononi, nikalia mbele ya wanaume wote wa karakana, na sikuona haya hata kidogo.